Mpira wa Shingoni: Maambukizi kwa Wagonjwa wa Kusafishwa Damu, kutoka Kampen hadi Ulaya ya Kilosa

Figo zikishindwa kazi, mwili hupungukiwa mara mbili. Kwanza hupoteza njia ya kutoa taka na maji ya ziada. Pili, na hili husemwa mara chache, hupoteza sehemu kubwa ya kinga yake. Taka zinazobaki katika damu huzidhoofisha chembe nyeupe: zile zinazomeza bakteria humeza kwa uvivu, na zile zinazotunza kumbukumbu ya adui wa zamani husahau. Kipimo kizuri cha udhaifu huo ni chanjo ya homa ya ini aina ya B. Mtu mzima mwenye afya hutosheka na dozi tatu za kawaida, ilhali mgonjwa anayesafishwa damu hupewa nne, kila moja ikiwa na nguvu maradufu, na bado wapo ambao miili yao haiitikii.

Katika hali hiyo hujitokeza magonjwa nyemelezi. Watanzania wengi waliyajua kupitia UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983. Orodha ya mgonjwa wa figo inafanana na ile kwa sehemu: kifua kikuu kilicholala miaka mingi huamka, mkanda wa jeshi huchomoza ubavuni, fangasi hutanda mdomoni na kooni. Ila kwake adui mkubwa zaidi ni bakteria wa kawaida kabisa, stafilokoka, anayeishi puani na juu ya ngozi ya watu wengi bila kuwadhuru. Bakteria huyo huhitaji mlango wa kuingilia, na mlango huo mara nyingi hufunguliwa na tiba yenyewe. Miongoni mwa sababu za vifo vya wanaosafishwa damu duniani, maambukizi hushika nafasi ya pili baada ya magonjwa ya moyo na mishipa.

Jaribio la kwanza la kusafisha damu ya binadamu kwa kifaa lilifanywa na Georg Haas mjini Giessen, Ujerumani, mwaka 1924. Halikumwokoa mtu. Aliyefanikiwa ni Willem Kolff, daktari kijana wa hospitali ya Kampen, Uholanzi, wakati nchi yake ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Mwaka 1943 alizungusha utando wa selofani, ule uliotumika kufungia soseji, kwenye pipa la mbao lililozunguka ndani ya beseni la maji ya chumvi. Karibu wagonjwa wake wote wa mwanzo walikufa. Mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67, Sofia Schafstadt, alizinduka kutoka katika usingizi wa sumu ya figo na akaishi miaka saba zaidi.

Mashine ya Kolff ilifaa kwa figo zilizosimama ghafla na zenye matumaini ya kurudi. Kila safari ya kusafisha damu ilidai daktari apasue mshipa mpya, na mishipa ya mtu si mingi. Kwa miaka kumi na mitano hakuna aliyeweza kumweka mgonjwa kwenye mashine kwa muda mrefu, na kwa hiyo maambukizi hayakupewa uzito. Mgonjwa alipona au alikufa kabla hayajapata nafasi.

Mambo yalibadilika Seattle, Marekani, mwezi Machi 1960. Belding Scribner na wenzake walipachika mirija miwili ya Teflon kwenye mkono wa mgonjwa, mmoja katika ateri na mwingine katika vena, na kuiunganisha nje ya ngozi kwa kipande cha umbo la U. Siku ya kusafishwa, kipande hicho kilifunguliwa na mirija ikaungwa kwenye mashine. Clyde Shields, mgonjwa wa kwanza wa njia hiyo, aliishi hadi 1971. Ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo ukawa ugonjwa wa kuishi nao. Lakini mrija unaopenya ngozi usiku na mchana ni njia ya wadudu kuingia nayo ndani. Mirija ile iliziba kwa damu iliyoganda, ikaoza pembezoni, ikatoa usaha, na mara nyingine ikapeleka bakteria moja kwa moja hadi kwenye vali za moyo.

Jibu lilichapishwa mwaka 1966 kutoka hospitali ya maveterani ya Bronx, New York. Michael Brescia na James Cimino, pamoja na mpasuaji Kenneth Appel, waliunganisha ateri na vena chini ya ngozi ya kifundo cha mkono. Msukumo wa ateri huipanua vena na kuikomaza, hata iweze kudungwa sindano mara tatu kwa wiki kwa miaka mingi. Hakuna mpira unaobaki nje. Sindano zikitolewa, ngozi hujifunga. Hiyo ndiyo fistula, na baada ya miongo sita hakuna njia iliyoishinda kwa usalama. Ina sharti moja gumu, nalo ni muda. Hukomaa kwa wiki sita hadi miezi mitatu, kwa hiyo mgonjwa lazima ajulikane mapema. Anayefika akiwa hawezi kupumua hana wiki sita.

Kwa huyo wa dharura, Stanley Shaldon wa Hospitali ya Royal Free, London, alikwisha kuonyesha mwaka 1961 kwamba katheta ingeweza kuingizwa kwenye mshipa mkubwa wa paja. Baadaye shingo na kifua vilipendelewa zaidi. Mpira huo huingizwa kwa dakika chache na hutumika papo hapo. Ulikusudiwa uwe wa siku au wiki, na katika nchi maskini umegeuka kuwa wa miezi. Katika tiba hii hakuna kitu kingine kilichookoa watu wengi namna hiyo na wakati huohuo kikawaua wengi.

Kabla ya mpira kuwa tatizo kuu, vyumba vya mashine vilipigwa na virusi. Figo ndizo hutengeneza homoni inayoamuru uboho uzalishe chembe nyekundu. Zikifa, damu hupungua. Katika miaka ya 1960 tiba ya upungufu huo ilikuwa moja tu, kuongezewa damu, na damu ya wakati ule haikuwa na kipimo cha homa ya ini. Mgonjwa mmoja alipoambukizwa, virusi vilisambaa kupitia sindano, mashine, glavu na matone juu ya meza. Manchester ilipata mlipuko mwaka 1965. Mbaya zaidi ulikuwa wa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1969 na 1970, ambako waliokufa walikuwa wagonjwa pamoja na wahudumu wao wa afya. Uingereza iliunda kamati chini ya Lord Rosenheim, na taarifa yake ya mwaka 1972 ikaweka kanuni zinazofuatwa hadi leo: kila mgonjwa apimwe kabla ya kuanza, mwenye virusi apewe mashine na chumba chake, damu ya kuongezewa ipunguzwe, na mhudumu avae glavu. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ilikuja mwaka 1981. Virusi vya aina ya C vilitambuliwa mwaka 1989, na hadi leo chanjo yake haipo. Kinga ni usafi peke yake.

Damu ile ya kuongezewa iliacha deni jingine lisilotarajiwa. Kila chupa ina madini ya chuma, na mwili hauna njia ya kuyatoa. Yakilundikana, huwa chakula cha wadudu: bakteria kama Listeria na Yersinia, ambao kwa mtu mzima mwenye afya si tishio kubwa, waliwashambulia wagonjwa wenye chuma kingi. Wakati huohuo alumini kutoka kwenye maji na kwenye vidonge vya kupunguza fosfati iliharibu mifupa na ubongo. Madaktari wakaamua kuivuta alumini hiyo kwa dawa iitwayo deferoksamini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Johan Boelaert wa Ubelgiji na wenzake wakaona jambo la ajabu: wagonjwa waliopewa dawa hiyo walikuwa wakifa kwa fangasi wa jamii ya Rhizopus, yule yule anayeotesha ukungu kwenye mkate, akiwa amekula pua, jicho na ubongo. Dawa iliyokusudiwa kuondoa madini ilikuwa inamkabidhi fangasi chuma alichokihitaji ili akue. Ni mfano adimu wa ugonjwa nyemelezi uliotengenezwa na daktari mwenye nia njema, na ulipungua mara dawa ilipobanwa na maji yaliposafishwa vizuri zaidi. Homoni ya kutengeneza damu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1989, ilipunguza pia haja ya kuongezewa damu.

Maji yanahitaji maelezo yake. Mtu mwenye afya hunywa lita mbili hivi kwa siku, nayo hupita kwanza katika ukuta wa utumbo. Mgonjwa kwenye mashine hukutana na lita 120 au zaidi kwa kila safari ya saa nne, na kinachomtenganisha nazo ni utando mwembamba tu. Bakteria waliokufa huacha sumu inayoleta homa na kutetemeka saa moja baada ya kuunganishwa. Funzo kali zaidi lilitoka Caruaru, mji wa kaskazini mashariki mwa Brazil, Februari 1996. Maji ya bwawa lenye mwani, yaliyofikishwa kliniki kwa malori wakati wa ukame bila kusafishwa ipasavyo, yalibeba sumu iliyoharibu maini ya wagonjwa. Zaidi ya 50 walikufa. Hayakuwa maambukizi kwa maana kamili, lakini yalithibitisha kwamba kituo cha kusafisha damu ni, kabla ya yote, kiwanda cha maji.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa kuchelewa. Kwa miaka mingi Mtanzania mwenye figo zilizokufa alikuwa na njia mbili: kupelekwa India, kwa fedha za serikali au za familia, au kurudi nyumbani. Mwaka 2009 hospitali ya KCMC mjini Moshi ilianzisha, kwa msaada wa wataalamu wa kigeni, mpango wa kusafisha damu kupitia tumbo kwa watoto na watu wazima ambao figo zao zimesimama ghafla kutokana na malaria kali, kuhara au matatizo ya uzazi. Njia hiyo haihitaji mashine wala umeme: maji maalumu huingizwa tumboni kwa mrija, huachwa yavute taka, kisha hutolewa. Adui wake ni uambukizo wa utando wa tumbo. Dalili yake ya kwanza ni rahisi kuonekana hata kwa ndugu wa mgonjwa, maji yanayotoka yakiwa na ukungu badala ya kung'aa.

Katika muongo wa 2010 mashine zilienea katika hospitali kubwa: Muhimbili jijini Dar es Salaam, Dodoma, Bugando jijini Mwanza, Mbeya, Moshi. Novemba 2017 Muhimbili ilifanya upandikizaji wa figo wa kwanza nchini, ikisaidiwa na madaktari wa hospitali ya BLK ya New Delhi. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata kwa ushirikiano na shirika la Tokushukai la Japani. Upandikizaji humwondoa mgonjwa kwenye mpira, lakini humwingiza katika dawa za kupunguza kinga maisha yake yote, na magonjwa nyemelezi yake ni habari nyingine.

Utafiti uliofanywa katika kaya za Moshi na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 7 ya watu wazima, mijini zaidi sana kuliko vijijini, na wachache sana kati yao walijua kwamba wanaumwa. Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo inayoeleza sura ya maambukizi nchini. Mgonjwa asiyejua hawezi kutengenezewa fistula. Hufika amevimba, anahema, potasiamu ikitishia kuusimamisha moyo, na huwekwa mpira shingoni usiku huohuo.

Mfano wa safari ya mgonjwa huyo ni kata ya Ulaya, iliyo wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, katika bonde la mto Miyombo, kati ya mji wa Kilosa na mji wa Mikumi. Reli ya tawi inayoshuka kutoka Kilosa hadi Kidatu, iliyokamilika mwaka 1965, inapita ukanda huo, na barabara ya Kilosa hadi Mikumi pia. Wakazi wengi ni wakulima wa mahindi, mpunga, mbaazi na ufuta, wafugaji, na watoto wa vibarua walioletwa na mashamba ya mkonge ya wilaya hii zamani za wakoloni. Ngazi za huduma ni zile za Tanzania yote: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya Kilosa, na kwa upande wa kusini ipo hospitali ya Mtakatifu Kizito, Mikumi, inayomilikiwa na Kanisa Katoliki, kando ya barabara kuu ya Zambia. Huduma ya kusafisha damu imekua katika miji mikubwa, na kutoka Morogoro mjini hadi Dar es Salaam tu ni takriban kilomita 190.

Tiba hii hudai safari mbili au tatu kila wiki, bila likizo. Kwa mtu wa Ulaya maana yake ni kuhama. Hupanga chumba au hukaa kwa ndugu wa mjini, shamba likibaki kwa mke au kwa kaka. Mvua nazo zina mamlaka yake: mafuriko ya mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalihamisha maelfu ya watu wilayani na kuing'oa reli ya kati. Treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 na yenye kituo Kilosa, imefupisha safari ya kutoka mjini Kilosa. Kipande cha kutoka kijijini hadi kituoni kiko palepale.

Gharama ya wiki moja ya mashine huhesabiwa kwa laki. Bima ya afya ya taifa, NHIF, iliyoanza mwaka 2001, iliwabeba zaidi watumishi na waajiriwa. Kaya ya kijijini ilikuwa na bima ya mfuko wa afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa mwaka kwa watu sita, mchango ambao haungeweza kubeba mzigo wa namna hii. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Wasio na bima hupunguza safari: mara tatu kwa wiki huwa mbili, mbili huwa moja. Uchafu hubaki katika damu, kinga hudhoofika zaidi, na mpira uliopaswa kubadilishwa huendelea kukaa kwa sababu upasuaji wa fistula nao una bei yake.

Hapo ndipo hatari huwa kubwa. Mgonjwa anaporudi kijijini kwa msiba au kwa mavuno, homa na kutetemeka humpata mbali na mashine. Katika bonde la Miyombo homa ya kutetemeka ni malaria kwanza, na desturi hiyo ina msingi wake. Kipimo cha haraka kikisema hapana, panadoli na vidonge vya antibayotiki hutolewa dirishani. Kumbe kwa mwenye mpira, homa ni uambukizo wa damu mpaka ithibitike vinginevyo: inatakiwa damu ioteshwe maabara, dawa ya sindano ianze bila kusubiri majibu, na mara nyingi mpira wenyewe utolewe. Zahanati haioteshi damu. Siku tatu zikipotea, bakteria wanaweza kuwa wamekaa kwenye vali ya moyo au katika pingili za uti wa mgongo, na maumivu makali ya mgongo kwa mgonjwa wa aina hii si ya jembe.

Antibayotiki za kujinunulia zina madhara yanayovuka mgonjwa mmoja. Vyumba vya kusafisha damu vimekuwa uwanja wa usugu tangu miaka ya 1980, pale enterokoka wasiosikia dawa ya vankomisini walipogunduliwa kwa wagonjwa wa figo London. Stafilokoka wa kwanza aliyeishinda dawa hiyo kabisa alipatikana Michigan mwaka 2002, kwa mgonjwa aliyekuwa akisafishwa damu.

Kifua kikuu huja kwa mwendo wa polepole na hudanganya zaidi. Tanzania imo katika nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu, na watu wengi wanao wadudu wake waliolala. Kwa mgonjwa wa figo hatari ya kuamka huzidi mara kadhaa ile ya jirani yake, na mara nyingi huamkia nje ya mapafu: kwenye tezi, utando wa tumbo au maji yanayozunguka pafu. Makohozi hayaonyeshi kitu. Kukonda, uchovu, kukosa hamu ya kula na homa ndogo za jioni hudhaniwa kuwa ni figo zenyewe, au ni mashine haijachuja vizuri. Hata baada ya kugundulika, dozi zake hazifanani na za wengine: ethambutoli na pirazinamidi hutolewa mara tatu kwa wiki, baada ya kutoka kwenye mashine, kwa sababu figo zilizopaswa kuziondoa hazipo. Mgonjwa akipewa kama ilivyoandikwa kwenye kadi ya kawaida, ethambutoli inaweza kumharibia macho.

Ugonjwa wa UVIKO-19, uliothibitishwa nchini kwa mara ya kwanza Machi 2020, uliwakuta wanaosafishwa damu wakiwa hawawezi kukaa nyumbani. Walikutana chumba kimoja, saa nne nne, kama kawaida.

Sehemu moja ya historia imeanza kujirekebisha bila kelele. Tangu mwaka 2002 watoto wa Tanzania huchanjwa homa ya ini aina ya B pamoja na chanjo zao za kawaida, kwa hiyo kizazi kitakachohitaji mashine miaka ijayo kitafika na angalau kinga moja mkononi. Waliozaliwa kabla ya hapo, ambao ndio wengi wa wagonjwa wa sasa, wanapaswa kupimwa na kuchanjwa kabla figo hazijafa kabisa, wakati mwili ungali unaitikia.

Mengine yote yanategemea muda. Kupima shinikizo la damu na kuchovya kijiti kwenye mkojo kutafuta protini na sukari ni kazi ya dakika tano, haihitaji daktari bingwa, na inaweza kufanyika katika zahanati yoyote ya kata ya Ulaya. Mwenye kisukari au shinikizo la damu akifanyiwa hivyo kila mwaka, ugonjwa wa figo huonekana miaka kabla ya mashine, fistula hupata wiki zake za kukomaa, na mpira wa shingoni hauhitajiki.